Idhini ya Mwenye Nyumba, Kibali cha Karani: Maneno ya Mlangoni Yalivyofika Kigali

Mwingereza akisema "permission", Mwarabu ana idhn. Akisema "licence", ana rukhsa, na kwa hati ya kuingia nchini ana taashira. Maneno haya hayalingani uzito. Idhn ni ya mwenye nyumba: aya ya 28 ya Surat An-Nur inamkataza mtu kuingia nyumba isiyo yake, hata akiikuta tupu, mpaka aidhiniwe. Rukhsa katika fikihi ni nafuu, kama ile anayopewa mgonjwa au msafiri asifunge Ramadhani. Ndani yake mna huruma.

Kiswahili kiliyachukua yote mawili, kikaongeza kibali, lenye mzizi mmoja na kukubali. Swali langu ni yalibaki na maana gani yalipofika Kigali.

Mji huu ulianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, na Kiswahili kilikuja na askari, makarani na wafanyabiashara. Chini ya Wabelgiji, Kiyovu ilikuwa makazi ya Wazungu. Waislamu, walioitwa Waswahili hata wakiwa Wanyarwanda wa kuzaliwa, walitengewa Biryogo, upande wa Nyamirambo, na kutoka huko kwenda kwingine kulihitaji kibali. Mtu aliyefunzwa chuoni kwamba idhini huombwa kwa mwenye nyumba, sasa aliiomba kwa karani, tena ili atoke kwake! Mwanahistoria anayeandika "walipewa ruhusa" bila kusema mlango ulikuwa wa nani anaficha nusu ya habari.

Jambo jingine dogo linanifurahisha. Kwa Kinyarwanda leseni ya udereva ni uruhushya rwo gutwara ibinyabiziga, na neno hilo la kwanza naliona kuwa mtoto wa ruhusa. Waarabu nao husema rukhsat al-qiyada. Sisi wa Kiswahili, tulio katikati ya njia ya neno hilo, tunasema leseni. Taashira hatukuigusa kabisa; tunaomba viza.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, kwa hiyo fomu za serikali zina haki ya kufasiriwa, na mfasiri atalazimika kuchagua. Kwa hati inayotolewa na ofisi ningeandika kibali, idhini nikamwachia mwenye nyumba.