Ukumbi wa chuma katika mji uliozima matanuri

Bilbao, mji wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, uliishi kwa chuma. Madini yalichimbwa vilimani pembezoni mwa mji, yakayeyushwa kando ya mto Nervión, yakatoka humo meli na reli. Kampuni ya Altos Hornos de Vizcaya, iliyoundwa mwaka 1902, ilizilisha familia kwa vizazi. Miaka ya 1980 mambo yakaharibika. Karakana ya meli ya Euskalduna ikafungwa huku wafanyakazi wakipambana na polisi barabarani, na mwaka 1996 matanuri ya Altos Hornos nayo yakazimwa. Oktoba 1997 jumba la makumbusho la Guggenheim, lililosanifiwa na Frank Gehry, likafunguliwa kando ya mto uleule.

Wengi husifu jengo lenyewe. Kwangu mimi, kilicho kikubwa zaidi kimo ndani: ukumbi wa urefu wa mita 130 hivi, usio na nguzo hata moja katikati. Humo zimesimama sanamu nane za Mmarekani Richard Serra. Ya kwanza, Snake (yaani Nyoka), ilikuwapo tangu ufunguzi. Saba zikaongezwa mwaka 2005. Zote pamoja zina uzito wa zaidi ya tani 1,000. Hakuna sura ya mtu wala ya mnyama, kwani hata huyo nyoka ni jina tu. Ni jometri tupu: duaradufu, mizunguko, vipande vya tufe.

Serra alikuwa mtoto wa fundi bomba wa karakana ya meli huko San Francisco. Akiwa na miaka minne alipelekwa na baba yake kuitazama meli ikishushwa majini, dude zito kupindukia ambalo ghafla lilielea. Ukubwani alisema malighafi yote ya kazi yake ilikuwa ndani ya kumbukumbu ile. Alipokuwa mwanafunzi alijilipia masomo kwa vibarua vya viwanda vya chuma.

Wazo la duaradufu zilizopindwa lilitokana na kosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Roma, aliingia kanisa la San Carlo alle Quattro Fontane, kazi ya Borromini. Kutoka ubavuni aliona kana kwamba duaradufu ya juu na ya sakafuni zimepishana. Alipofika katikati akakuta zimelingana sawasawa. Lakini kile alichokuwa amekiona hakukiacha. Alichukua mbao mbili za umbo la duaradufu, akaziunganisha kwa kijiti, akaigeuza moja kidogo, kisha akazibingirisha juu ya bamba jembamba la risasi. Ukapatikana ukuta ambao hakuna fundi aliyewahi kuujenga. Mashine ya kuukunja kwa chuma kizito nayo ilipatikana kwenye karakana ya meli, karibu na Baltimore.

Ukiingia kati ya kuta za namna hiyo ukumbini Bilbao, zenye unene wa sentimita 5 na kimo cha mita 4 hivi, timazi haina kazi. Ukuta wa kulia unakulalia, wa kushoto unakukimbia, na hatua chache mbele zinabadilishana. Njia inabana, halafu inafunguka. Panda kwenye roshani ya juu ndipo utaona kwamba kilichokuchanganya ni mistari michache, safi kama ya daftari la hesabu.

Chuma cha sanamu hizi ni kile kinachoachwa kishike kutu makusudi. Kina shaba nyekundu na kromi kidogo, hivyo kutu ya juu hugeuka gamba linalokilinda. Huanza na rangi ya chungwa, na miaka inavyopita huiva kuwa kahawia nzito.

Mabamba ya sanamu hizi hayakukunjwa Bilbao. Yalikunjwa Siegen, Ujerumani. Serra alifariki Machi 2024. Ukijaliwa kufika kuziona, usiondoke bila kushuka na mto hadi Sestao, ambako tanuri moja la Altos Hornos limehifadhiwa na bado limesimama.