Tairi za Mbele Hazina Mpenzi

Vijiweni Mwanza tunabishania injini tu: ipi ina mbio. Tairi za mbele hazina mpenzi. Lakini ndizo zilizoamua nani afe na nani avunje rekodi ya mwendo wa kunyooka.

Wazee walianza na kona. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann alisajili London ubunifu wa Mjerumani Georg Lankensperger: magurudumu ya mbele ya gari la farasi yapinde kila moja kwa pembe yake. Kunyooka kulianza kusumbua kasi ilipopanda. Malcolm Campbell alipofikisha kilomita 484 kwa saa huko Utah, Marekani, mwaka 1935, usukani ukicheza kidogo tu, basi.

Dawa ni pini ya kugeuzia gurudumu kulazwa nyuma kidogo, kama uma wa baiskeli ya Phoenix, ili gurudumu lijirudishe lenyewe. Kisha tairi zibanwe ndani kidogo kwa mbele, maana barabara inapozisukuma, viungo vilivyolegea huzipanua. Fundi wa Nyakato hupima hilo kwa kamba! Mimi namheshimu kuliko dereva. Hiace ya Magu ikivuta upande kwenye mwendo wa 100, abiria ndio wanaolipa.

Halafu 1997, Nevada, Thrust SSC likaipita kasi ya sauti: kilomita 1,228 kwa saa. Magurudumu ya mbele yalibanwa jirani na injini za ndege, hayakuwa na nafasi ya kugeuka. Wakayafunga yanyooke moja kwa moja, usukani ukapelekwa nyuma.