Ng'ombe wa Kizimkazi na Nzi wa Tanga

Msikilizaji wangu, mtajie mtu wa mjini Kizimkazi, naye atakutajia mambo mawili: msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na pomboo wanaofuatwa na watalii baharini. Leo natoka msikitini, nazunguka nyuma ya nyumba, pale ng'ombe alipofungwa.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida tu, na ng'ombe ni watatu au wanne, wa kienyeji, wenye nundu. Asubuhi mtoto huwatoa akawafunge kwa kamba penye majani. Hawaachiwi ovyo, kwa sababu kusini ya Unguja ni nchi ya mawe, udongo umejibana katika vishimo, na muhogo wa jirani uko karibu. Ng'ombe akikata kamba, ni kesi kwa sheha. Lakini huyo ndiye akiba ya nyumba. Baba ni mvuvi. Kusi likichachamaa chombo hakitoki, na kinachobaki ni maziwa. Akiuzwa ndama, imepatikana harusi, au nauli ya kumpeleka mgonjwa Mnazi Mmoja.

Akiba hiyo kwa miaka mingi ililiwa na mdudu. Mbung'o wa Unguja alikuwa wa aina moja tu, wataalamu wanamwita Glossina austeni, akijificha vichakani na katika msitu wa Jozani na kuwatia ng'ombe nagana. Ng'ombe hukonda huku anakula, maziwa hukatika, mimba huharibika. Binadamu hakupata malale kwa mbung'o huyu, na nadhani ndiyo maana sisi wa mjini hatukushtuka.

Miaka ya 1980 ng'ombe walimiminiwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa porini. Mbung'o wakapungua sana, lakini Jozani wakabaki. Hapo, kuanzia 1994, Serikali pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakafanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kucheka: kumaliza nzi kwa kuleta nzi! Mbung'o walifugwa Tanga, wakilishwa damu. Madume wakapigwa mionzi wakawa tasa, kisha ndege ndogo ikawamwaga juu ya Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, na huzaa mtoto mmoja mmoja. Akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Hadi mwisho wa 1997 walikuwa wamemwagwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Bahari ilisaidia, maana mbung'o wa Bara hawavuki mkondo. Na ng'ombe wenyewe walisaidia, jambo ninaloona halisemwi vya kutosha: ndio waliobeba dawa mgongoni, ndio waliotolewa damu ili ionekane kama nagana imekwisha kweli. Wenye ng'ombe walikuwa watu wadogo, wa kamba tatu nne, na walikubali.

Baada ya hapo mfugaji akaweza kufuga hata ng'ombe wa maziwa wa mbegu ya kigeni bila ya kuiogopa nagana. Kupe, waletao ndigana, wao hawakuondoka. Kwa hao bado inanunuliwa dawa ya kunyunyiza.