Shindano la kupeleka vigari mwezini lilivyokosa mshindi

KATIKA mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, watoto huunda magari kwa nyaya na vifuniko vya chupa, nao mafundi wa jua kali wa Kariobangi Light Industries hutengeneza mashine kutokana na vyuma vikuukuu. Kwa watu wa aina hiyo, swali lililoulizwa nchini Marekani mnamo Septemba 13, 2007, si geni: je, kikundi cha watu binafsi, kisichotegemea hazina ya serikali, chaweza kuunda kigari na kukifikisha mwezini?

Swali hilo liliandamana na kitita cha dola milioni 30. Wakfu wa X Prize, kwa ufadhili wa kampuni ya Google, ulianzisha shindano la Google Lunar X Prize.

Masharti

Kila timu ilitakiwa kutua salama, kusafiri mita 500 mwezini, yaani takriban urefu wa viwanja vitano vya kandanda, kisha kutuma duniani picha na video za ubora wa juu. Mshindi angepata dola milioni 20 na wa pili milioni tano. Zilizobaki zilikuwa za tuzo za ziada. Angalau asilimia 90 ya gharama ilipaswa kutoka mifukoni mwa watu binafsi.

Mtindo huo haukuwa mpya. Mnamo 1927, Charles Lindbergh alituzwa dola 25,000 kwa kuruka kutoka New York hadi Paris bila kutua njiani. Mwaka wa 2004, chombo SpaceShipOne kilijishindia dola milioni 10 kwa kufika anga za juu mara mbili katika muda wa wiki mbili.

Kilichokwamisha

Takriban timu 30 zilijisajili. Makataa yaliahirishwa mara kadhaa, na kufikia Januari 2017 zilisalia tano: SpaceIL ya Israeli, Moon Express ya Marekani, TeamIndus ya India, Hakuto ya Japani na Synergy Moon iliyojumuisha watu wa mataifa mbalimbali. Machi 31, 2018, muda ulikwisha bila chombo hata kimoja kurushwa.

Kizingiti kikuu kilikuwa fedha. Tuzo hulipwa baada ya kazi, ilhali roketi hulipiwa kabla. Safari ya SpaceIL iligharimu takriban dola milioni 100, mara tano ya zawadi ya mshindi.

Kutua kwenyewe pia ni kugumu. Mwezi hauna hewa, hivyo mwavuli haufai kitu. Chombo hupunguza kasi kwa injini pekee. Chombo cha SpaceIL kilianguka Aprili 11, 2019, injini ilipozimika. Kile cha kampuni ya ispace, iliyotokana na Hakuto, kilianguka Aprili 2023 baada ya kompyuta yake kukosea kimo na mafuta kuisha kikiwa bado juu. Jaribio lake la pili, lililobeba kigari kidogo, liliambulia patupu Juni 2025.

Waliofaulu ni wale waliopewa kandarasi na Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA). Odysseus ya kampuni ya Intuitive Machines ilitua Februari 22, 2024, ingawa iliinama upande. Blue Ghost ya Firefly ilitua wima Machi 2, 2025.

Funzo kwa Kenya

Siku mbili tu baada ya makataa hayo kupita, Aprili 2, 2018, roketi iliondoka Florida ikiwa na setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, yenye upana wa sentimita 10 kila upande. Mei 11, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Nayo ilitokana na shindano. Chuo Kikuu cha Nairobi kilichaguliwa mwaka wa 2016 katika mpango wa KiboCUBE wa Umoja wa Mataifa na Japani. Tofauti ni kwamba zawadi haikuwa kitita cha kungojewa mwishoni, bali nafasi ya kurushiwa setilaiti bila malipo.

Kwa fundi wa Kariobangi anayejua uzito wa kununua vifaa kabla ya mteja kulipa, tofauti hiyo haihitaji maelezo. Ustadi ulikuwepo katika mashindano yote mawili. Lililoamua ni nani aliyelipia safari, na lini.