Ajali za kurudi nyuma maegeshoni

Ajali za kurudi nyuma maegeshoni ni migongano ya magari inayotokea katika eneo la kuegesha, kama vile nje ya duka kubwa, hospitali au ofisi, wakati dereva mmoja au wote wawili wanarudisha magari yao nyuma. Kwa kuwa mwendo huwa mdogo, mara nyingi hasara ni bampa, taa au mlango uliobonyea. Hata hivyo ajali hizi huzua ubishi mwingi, kwa sababu kila dereva hudai kwamba yeye alikuwa amesimama na mwenzake ndiye aliyemgonga. Jibu la swali hilo linaweza kuamua nani atalipa hasara yote, au kama wataigawana.

Kanuni ya jumla

Sheria za nchi nyingi humpa dereva anayerudi nyuma wajibu mkubwa kuliko yule anayekwenda mbele, kwa kuwa haoni vizuri anakoelekea. Kutokana na wajibu huo, hali tatu hutofautishwa:

- Gari linalorudi nyuma likigonga gari lililoegeshwa, kosa kwa kawaida ni la anayerudi nyuma.
- Gari linalotoka kwenye nafasi yake likigongana na gari linalopita katika njia ya maegesho, anayetoka ndiye aliyepaswa kungoja. Anayepita naye anaweza kubeba sehemu ya lawama, kwa mfano akienda kwa kasi isiyofaa mahali hapo.
- Magari mawili yakirudi nyuma kwa pamoja kutoka nafasi zinazotazamana, wajibu wa madereva ni sawa, na mara nyingi hasara hugawanywa nusu kwa nusu.

Hali ya tatu ndiyo yenye utata zaidi. Dereva huweza kutazama pande mbili za njia akisubiri magari yanayopita, akasahau gari lililo nyuma yake moja kwa moja. Akiliona na kusimama kabla ya kugongwa, si haki ahesabiwe sawa na yule ambaye hakusimama. Jimbo la Ontario nchini Kanada na nchi ya Ujerumani zinaonyesha njia mbili tofauti za kulishughulikia jambo hilo.

Ontario

Huko Ontario kampuni za bima hutumia Kanuni za Kubaini Kosa (Kanuni Na. 668 ya mwaka 1990). Kanuni hizo hueleza aina za ajali na kutaja asilimia ya kosa la kila dereva. Anayetoka kwenye nafasi ya kuegesha bila kumpisha aliye katika njia hubeba kosa kwa asilimia 100. Vilevile anayerudi nyuma hubeba asilimia 100 dhidi ya asiyerudi nyuma.

Ikiwa wote wawili walikuwa wakirudi nyuma, kanuni hiyo moja humfanya kila dereva awe mkosaji kamili na wakati huohuo asiwe na kosa. Kwa hali ya namna hiyo imewekwa kwamba kila mmoja ahesabiwe kosa la asilimia 50. Pale ambapo maelezo hayatoshi kujua ni nani mwenye kosa, kiwango cha kosa kwa kawaida huamuliwa kwa kufuata kanuni za kawaida za sheria.

Hali ya hewa, uwezo wa kuona na mahali gari lilipoguswa havizingatiwi. Lengo ni kumaliza madai haraka bila kesi. Hasara yake humwangukia dereva aliyesimama lakini hana ushahidi, kwani naye hubebeshwa nusu. Kwa mfano, matengenezo yakigharimu dola 2,000, fidia ya asiye na kosa itahusu dola 1,000 tu, na nusu iliyobaki hutegemea kama alinunua bima ya mgongano. Sheria inamruhusu mteja asiyeridhika na asilimia aliyopewa kuishtaki kampuni yake ya bima.

Ujerumani

Nchini Ujerumani kifungu cha 9 cha kanuni za usalama barabarani (StVO) kinamtaka anayerudi nyuma ahakikishe kwamba hamhatarishi mtu mwingine, na ikibidi aongozwe na mtu aliye nje ya gari. Gari linalorudi nyuma likigongana na lingine, mahakama inaweza kuchukulia kwamba dereva wake alikosea mpaka aonyeshe vinginevyo.

Tarehe 15 Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Shirikisho (Bundesgerichtshof) ilitoa hukumu kuhusu magari mawili yaliyogongana maegeshoni. Iliamua kwamba dhana hiyo haitumiki dhidi ya dereva ikiwa haiwezi kukataliwa kwamba gari lake lilikuwa limekwisha kusimama. Sababu yake ni kwamba maegeshoni kila dereva hutakiwa kuwa tayari kufunga breki wakati wowote, na anayesimama kwa wakati huwa ametimiza wajibu wake. Hata hivyo kusimama hakumwondolei dereva dhima yote: sheria ya nchi hiyo huhesabu pia hatari inayotokana na gari lenyewe kuwa katika matumizi, hivyo sehemu ya hasara inaweza kumwangukia.

Ushahidi

Kubonyea kwa bati peke yake hakuonyeshi kwa urahisi kama gari moja lilikuwa limesimama. Kwa hiyo husaidia kupiga picha za magari yote mawili kabla hayajasogezwa, zikionyesha mistari ya maegesho, kuchukua majina ya mashahidi, na kuomba mapema picha za kamera za ulinzi za jengo.

Kinga

Kanuni za barabarani za Uingereza hushauri kwamba mtu anayetumia njia ya kuingilia nyumbani kwake aingie kinyumenyume na kutoka akitazama mbele. Njia hiyo inafaa maegeshoni pia, kwa kuwa dereva huona magari yanayopita anapotoka. Nchini Marekani magari madogo mapya yanalazimika kuwa na kamera ya nyuma tangu tarehe 1 Mei 2018. Kamera humsaidia dereva kuona kilicho karibu na bampa, lakini haimwondolei wajibu wa kutazama pande zote na kusimama anapokuwa na shaka.