Malungu ya Ufipa: Historia Fupi ya Jumuiya ya Wayeyusha Chuma

Katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, bado imesimama minara ya udongo karibu na vichuguu, mingine ikiwa na kimo cha mita 3 hivi. Hayo ndiyo malungu, matanuru ambamo Wafipa waliyeyusha chuma chao hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Wengi huyatazama kama magofu tu. Ukweli ni kwamba kila ilungu lilikuwa na jumuiya kamili nyuma yake, yenye kiongozi, miiko na ujuzi uliorithishwa.

Kiangazi kilipoingia na mavuno kwisha, wanaume walichimba mtapo, wakakata miti migumu na kuchoma mkaa. Fundi mkuu ndiye aliyekuwa na dawa za ilungu, na bila yeye moto haukuwashwa. Tanuru lilihesabiwa kuwa bibi harusi, na chuma kuwa mtoto wake. Kwa hiyo mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Mimi sioni ushirikina mtupu hapo. Kazi ya siku kadhaa mfululizo, ambayo kosa dogo lingeiharibu yote, ilihitaji nidhamu, na miiko ndiyo iliyoilinda.

Ufundi wenyewe ni wa kustaajabisha. Ilungu halikuvukutwa. Mabomba ya udongo yalipangwa kuzunguka sehemu ya chini. Hewa ya moto ilipopanda juu, hewa mpya ilivutwa ndani yenyewe, na moto ukaendelea usiku na mchana. Kilichotoka kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilivunjwavunjwa na kuyeyushwa tena katika kitanuru kidogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kisha mhunzi akafua jembe.

Jembe hilo ndilo lililoilisha Ufipa. Mkulima wa Kifipa hugeuza nyasi na udongo kuwa matuta ya mviringo, majani yaoze ndani, na msimu unaofuata huyasambaza na kupanda ulezi. Kazi hiyo haifanyiki kwa kijiti. Jembe lilitolewa pia mahari.

Majembe ya kiwandani yalipoletwa kwa bei nafuu, soko lilianza kufa. Kodi ya mkoloni iliwasukuma vijana kwenda mashamba ya mkonge, na kanisa likazipiga vita dawa za fundi mkuu. Wachache walibaki wakikumbuka. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya Greig kuhusu uyeyushaji huo, baadaye J.A.R. Wembah-Rashid aliandika habari za wafua chuma wa Ufipa, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda akayachunguza malungu kwa miaka mingi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Malungu mengi yaliyosimama leo yanaaminika kuwa ya baada ya mwaka huo, kwa hiyo yanahitaji kutangazwa rasmi, moja baada ya jingine, huku mvua na jembe la mkulima vikiendelea kuyamega. Wazee wa vijiji wanajua yalipo. Waanze kuulizwa wao.