Mondovino, ukiitazama ukiwa Bunda

Kwenye Mondovino, filamu ya Jonathan Nossiter ya 2004, kijiji cha Aniane, Ufaransa, kinaikatalia ardhi familia ya Mondavi, matajiri wa mvinyo wa Marekani. Raha kuitazama. Ila Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950 (divai ya misa kwanza, baa baadaye), mkulima anaogopa kingine: mnunuzi asipotokea. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Viwanda visiponunua, zinaoza. Huku Bunda tunazijua bei zinazopangwa mbali, lakini pamba angalau hukaa ghalani. Zabibu haikai. Aniane walikuwa na pengine pa kuuza, bwana. Mondavi angebisha hodi Bihawana, nadhani angekaribishwa chai.